Gari lina gesi na rimu mpya: niombeje bei ya bima bila kujiponza?

Msomaji wa Dar es Salaam ameuliza hivi: «Nina Subaru Forester ya mwaka 2010, gari ninalolitumia kwenda kazini na kwa safari za familia. Tangu nilinunue nimebadilisha rimu kutoka inchi 16 hadi 17, nimeweka ngao mbele, redio ya skrini na spika, na mwaka huu nimefunga mfumo wa gesi. Bima yangu kubwa inaisha mwezi ujao. Nimeomba bei kwa kampuni tatu. Mbili zimenipa bei zinazokaribiana bila kuniuliza lolote. Ya tatu imetaka picha na cheti cha gesi, na bei yake iko juu. Wakala mmoja ameniambia nisiitaje gesi kwa sababu watanizungusha. Je, mabadiliko madogo kama haya ni lazima niyaseme, na nitalinganishaje bei hizi?»

Ndugu msomaji, yaseme yote, yaseme kwa maandishi, na yaseme kabla hujapewa bei. Kuhusu kulinganisha, bei hizo tatu kwa sasa hazilinganishiki, kwa sababu kampuni mbili za kwanza zimekadiria Forester kama ilivyotoka kiwandani, gari ambalo wewe huna tena, na ni hiyo ya tatu pekee iliyokadiria gari lililoegeshwa nyumbani kwako. Huenda hata bei ya hiyo ya tatu ikawa ghali isivyostahili, na hilo tutalitazama, lakini angalau unajua inauza nini.

Nianze na sheria, kwa kuwa ushauri wa huyo wakala umesimama juu ya dhana kwamba usipoulizwa huna wajibu wa kusema. Mkataba wa bima hautazamwi sawa na mkataba wa kununua meza. Muuzaji wa bima halijui gari lako. Anayelijua ni wewe, na kwa sababu hiyo sheria inamtaka mwenye gari aseme mwenyewe kila jambo ambalo kampuni makini ingelizingatia katika kuamua kama ikubali kumkatia bima na kwa bei gani. Kanuni hii ilipata umbo lake katika hukumu ya Lord Mansfield mjini London mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm iliyohusu bima ya ngome moja ya Waingereza huko Sumatra, na baadaye ikaandikwa katika sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906. Tanzania ilizipokea kanuni za jumla za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa wateja wa kawaida kupitia sheria ya mwaka 2012, ambako mteja anatakiwa tu kuchukua uangalifu wa kutosha asipotoshe anapoulizwa, lakini mabadiliko hayo ni ya kwao. Ndiyo maana maelezo mengi ya Kiingereza utakayoyakuta mtandaoni, yanayosema «jibu ulichoulizwa tu», hayafai kutegemewa na mtu mwenye gari la namba za T.

Ni haki kuongeza kwamba katika kesi hiyo ya 1766 aliyetoa bima hakushinda. Mahakama iliona kwamba alikuwa na nafasi ya kujua hali ya ngome na hakujishughulisha kuuliza. Kwa hiyo mwenye gari ambaye hakuulizwa hayuko bila hoja kabisa. Hata hivyo hoja hiyo hujengwa mbele ya msuluhishi au hakimu baada ya gari kugongwa, nawe unapanda daladala, na mimi sioni sababu ya mtu kujiwekea akiba ya hoja wakati angeweza kujiwekea akiba ya barua pepe moja.

Sasa tuyatazame mabadiliko yenyewe, maana hayana uzito sawa, na lililo zito kuliko yote ni gesi.

Gesi asilia iliyoshindiliwa huhifadhiwa kwenye mtungi wa gari kwa mgandamizo wa takriban bar 200, yaani mara 200 hivi ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Mtungi huo hufungwa kwenye buti, bomba la chuma hupita chini ya gari hadi mbele, kipunguza mgandamizo huunganishwa na maji ya kupozea injini, na nyaya mpya huingizwa kwenye mfumo wa umeme ili kompyuta ya gesi ipokezane na ile ya petroli. Kwa mtazamo wa bima, kuna maswali mawili humo. La kwanza ni moto, na hapa niseme wazi kwamba gesi asilia yenyewe ina sifa mbaya kuliko inavyostahili, kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa na ikivuja mahali pa wazi hupanda na kutawanyika, tofauti na gesi ya kupikia ambayo hutuama chini. Kinachompa wasiwasi mkadiriaji wa bima ni kazi ya fundi: mtungi uliofungwa kwa mikanda dhaifu, bomba linalosuguana na bodi, waya uliounganishwa bila fyuzi. La pili ni uzito. Mtungi wa chuma wa lita 60 hukaribia kilo 60 hata ukiwa mtupu, sawa na kumpakia abiria mmoja asiyeshuka kwenye buti, na hilo linahusu springi, breki na matairi ya nyuma.

Kwa hiyo kampuni iliyokutaka cheti haikuzungushi. Imeuliza swali sahihi. Fundi aliyesajiliwa anapaswa kukupa cheti cha ufungaji kinachoonyesha namba ya gari, namba ya chasisi, namba ya mtungi, tarehe na jina la karakana. Ukitaka kujihakikishia, fungua buti, futa vumbi kwenye shingo la mtungi, na usome maandishi yaliyogongwa pale: utakuta namba ya mtungi, ujazo wake kwa lita, mgandamizo wa kazi, tarehe ya kutengenezwa, na alama ya kiwango, ambacho kwa mitungi ya magari huwa ni ISO 11439 au ECE R110. Namba hiyo ilingane na ya kwenye cheti. Piga picha ya maandishi hayo kwa karibu. Picha hiyo moja humaliza nusu ya maswali ya kampuni. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaofunga mifumo hii, na zipo karakana nyingine zinazotambuliwa, lakini wapo pia mafundi wa kichochoroni wasiotoa karatasi yoyote. Kama wako ni wa aina hiyo, lipeleke gari kwa karakana inayotambuliwa likaguliwe na upewe cheti kabla ya kuomba bei upya.

Gesi huambatana na swali jingine ambalo kampuni haiachi kuliwazia hata isipolitamka. Watu wengi waliofunga gesi jijini wamefunga kwa sababu wanafanya teksi mtandao, kwani ndiko petroli inakoumiza. Mkadiriaji akiona mtungi kwenye gari la binafsi anaanza kushuku kwamba si la binafsi. Wewe umesema unakwenda kazini na safari za familia, basi liandike hilo waziwazi katika maombi. Na kama mwishoni mwa wiki unawasha programu ya teksi, hata kwa saa chache, hilo ni kubwa kuliko mabadiliko yote uliyoyataja, kwa sababu matumizi ya biashara yana bima yake na bei yake, na bima ya gari binafsi inaweza kukataa kulipa ajali iliyotokea abiria wa kulipa akiwa ndani.

Rimu zako hazinipi shida. Forester ya kizazi hicho ilitoka kiwandani na matairi ya 215/65R16 kwa matoleo ya chini na 225/55R17 kwa matoleo ya juu. Kipenyo cha la kwanza ni kama milimita 686 na cha la pili milimita 679, tofauti ya asilimia moja tu, kwa hiyo kipimamwendo hakikudanganyi kwa kiasi cha kujali. Ikiwa umefuata kipimo hicho, andika hivyo hivyo, kwamba ni kipimo cha kiwandani cha toleo la juu, na sioni kampuni ya kukuongezea bei kwa sababu hiyo. Ingekuwa rimu zinazotokeza nje ya bodi, au gari lililonyanyuliwa kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi, kama wanavyofanya wenye IST na Raum wanaokaa kwenye barabara za mashimo, ningekushauri uambatishe maelezo ya fundi, kwa kuwa gari lililoinuliwa hubadilika linavyokata kona na linavyosimama. Ngao nayo isemwe. Ina thamani yake, na ikimgonga mtembea kwa miguu inaumiza kuliko bampa la plastiki. Redio na spika ni suala la wizi tu.

Kinachowaumiza wengi zaidi kuliko kukataliwa moja kwa moja ni thamani. Kwa kawaida bima kubwa hufunika gari pamoja na vifaa vilivyokuja nalo kiwandani, na kifaa ulichoongeza hakimo mpaka kitajwe na thamani yake iandikwe. Mikataba mingi huweka pia kikomo kidogo cha redio na kingine cha vioo, hata kama vimetajwa. Tuchukue mfano kwa tarakimu. Tuseme Forester yako bila nyongeza ina thamani ya shilingi milioni 22, na vifaa vyote, pamoja na gesi, vimekugharimu milioni 4.5. Kiwango kilichozoeleka kwa bima kubwa ya gari binafsi Tanzania Bara ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha huongezwa VAT ya asilimia 18. Kwa milioni 22, ada ni 770,000 na VAT 138,600, jumla 908,600. Ukiviandika vifaa vyote kwa gharama kamili, thamani inakuwa milioni 26.5, na jumla inakuwa 1,094,450. Tofauti ni shilingi 185,850 kwa mwaka mzima. Hicho ndicho wakala wako anachokuokolea, na huenda kikawa kidogo zaidi, kwa sababu mtungi na rimu zilizotumika haviuziki tena kwa bei uliyonunulia na hupaswi kuviandika kwa bei hiyo.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Mikataba mingine ina kipengele cha uwiano, kinachosema kwamba ukikata bima kwa thamani iliyo chini ya ile halisi, kampuni italipa kwa uwiano huo huo. Gari la thamani halisi ya milioni 26.5 lililokatiwa bima ya milioni 22 likipata hasara ya milioni 6, kampuni inaweza kulipa milioni 4.98 tu, na baada ya hapo ikakata tena kile kiasi ambacho mwenye gari hujibebea mwenyewe, ambacho mawakala hukiita ekses. Hapo kampuni haikukutuhumu kwa kuficha chochote. Imefuata hesabu tu, na ule uokoaji wa laki na themanini na kitu umekugharimu zaidi ya milioni.

Usidhani kwamba mabadiliko hayataonekana. Baada ya ajali kubwa gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi anayejaza fomu ya ukaguzi, na kampuni nayo hutuma mkadiriaji wake wa hasara, anayepiga picha kila upande, anafungua boneti na buti, na kuandika namba ya chasisi. Mtungi wa gesi haufichiki kwa mtu huyo. Atauliza ulifungwa lini, na kama ulifungwa kabla ya tarehe ya mkataba na haumo kwenye fomu ya maombi, swali linalofuata litaulizwa na mwanasheria.

Jambo jingine ni kadi ya gari. Kadi huonyesha rangi, namba ya injini, ukubwa wa injini na aina ya mafuta, na taarifa hizo ziko kwa TRA. Rimu, ngao na redio haziigusi kadi. Kubadili rangi au injini kunaigusa, na lazima kuandikishwe. Kwa gesi, gari lako bado linatumia petroli pia, hivyo uliza TRA na kampuni ya bima kama wanataka taarifa ya aina ya mafuta irekebishwe, na majibu yao yahifadhi. Bima ndogo, ile ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haihusiki sana na thamani ya vifaa vyako kwa sababu inawalinda watu wengine. Kwa gari binafsi huwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, uwe na rimu za dhahabu au huna.

Baada ya hayo, namna ya kuomba bei ni nyepesi. Andika karatasi moja na uitume ile ile, bila kubadili neno, kwa kampuni zote, kwa barua pepe au kwa WhatsApp ya namba rasmi ya ofisi, ukiambatisha picha nne za gari, picha ya mtungi, nakala ya kadi na cheti cha gesi. Mimi ningeiandika hivi:

«Naomba bei ya bima kubwa kwa gari langu binafsi, Subaru Forester ya mwaka 2010, injini ya petroli. Gari halibebi abiria wa kulipa. Lina mabadiliko yafuatayo, yote yakiwa yamefanyika kabla ya maombi haya: mfumo wa gesi asilia wenye mtungi mmoja, cheti kimeambatishwa, rimu za inchi 17 na matairi ya kipimo cha kiwandani, ngao ya mbele, redio ya skrini na spika. Thamani ninayopendekeza kwa gari na kwa kila kifaa imeonyeshwa hapa chini. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama bei yenu imezingatia mabadiliko haya, kifaa gani hakifunikwi, ekses ni kiasi gani kwa ajali na kwa wizi, na kama mkataba una kipengele cha uwiano.»

Majibu yatakapokuja, usianzie kwenye jumla iliyo chini ya ukurasa. Kwa kuwa ada inafuata asilimia ya thamani, kampuni inaweza kuonekana rahisi kwa kushusha thamani ya gari lako tu, kwa hiyo tazama kwanza thamani waliyoiandika, na kama zinatofautiana waombe wote wakadirie kwa thamani moja. Kisha tazama ekses, hasa ya wizi, kwa kuwa huko ndiko tofauti kubwa hujificha. Kampuni ya tatu iulize imeongeza nini hasa: ikiwa imeongeza thamani ya vifaa kwa asilimia ile ile, bei yake ni ya haki, ikiwa imepandisha asilimia ya gari zima kwa sababu ya mtungi, una nafasi ya kujadiliana ukiwa na cheti mkononi. Nayo kampuni itakayojibu kwamba haifuniki gari la gesi imekufanyia wema kwa kukwambia sasa.

Kuhusu huyo wakala, kumbuka kwamba wakala wa bima huiwakilisha kampuni, hali dalali wa bima humwakilisha mteja. Kwa gari lenye mabadiliko mimi ningemwendea dalali, kwa kuwa anazijua kampuni zenye uzoefu na gesi na analipwa kutoka ada ile ile ya bima. Ukiendelea na wakala, mwandikie kuhusu gesi hata kama amekukataza, na usiisaini fomu ya maombi aliyoijaza yeye mpaka umeisoma yote. Mkataba ukitoka, hakikisha vifaa vimeandikwa kwenye jedwali lake. Kuandikwa kwenye barua pepe pekee hakutoshi. Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, uone kama stika yako ipo kweli na inasomeka kama bima kubwa. Kampuni ikikataa madai kwa sababu unayoiona si ya haki, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na hapo zile barua zako ndizo zitakazokusemea.

Limebaki jambo moja ulilolipita haraka. Umefunga gesi mwaka huu, na bima yako ya sasa bado inaendelea mpaka mwezi ujao. Maana yake ni kwamba leo unaendesha gari ambalo kampuni yako hailijui. Iandikie leo, uombe nyongeza ya mkataba kwa kipindi kilichobaki, hata kama itakutoza kidogo. Na usisubiri siku za mwisho kutafuta cheti kama hunacho, kwa sababu kampuni itakupa bei kwa siku moja au mbili, lakini karakana ina foleni, na bima mpya haianzi mpaka umeshalipa.